Cherehani Nyeusi na Vipande vya Kitenge

Swali ninaloulizwa sana na akina mama wa huku Nsambya na Katwe ni moja: kwa hizi pesa kidogo, ninunue cherehani gani ya kuunganisha vipande? Wanataka kushona mablanketi ya viraka, vifuniko vya makochi na mifuko, kwa sababu mabaki ya kitenge kwa mafundi hayana bei kubwa, na mwenye kujua rangi anaweza kuyageuza kuwa kitu. Jibu langu ni fupi: nyeusi, ya chuma, ya kukanyaga kwa miguu, yenye mshono mmoja tu ulionyooka. Ila jibu hilo lina historia ndefu, na ukiifuata utakuta inatuhusu sisi wakimbizi kuliko tunavyodhani.

Tuanze na jina. Sisi wa Bukavu tunasema mashini ya kushona, watu wa pwani wanasema cherehani, neno lenye asili ya Kiajemi, kutoka charkh, yaani gurudumu. Waganda nao wamelichukua, wakalitamka kwa njia yao: ekyalaani. Kwa hiyo neno lilipanda kutoka pwani pamoja na kitu chenyewe.

Kitu chenyewe kilitoka mbali. Elias Howe alipata hataza yake Marekani mwaka 1846, na Isaac Singer akapata ya kwake mwaka 1851. Singer hakuwa wa kwanza, lakini kampuni yake ilikuwa na akili ya biashara. Kuanzia mwaka 1856 iliuza kwa malipo ya kidogo kidogo: unatanguliza sehemu, unaondoka na mashine, unaendelea kulipa huku ukishona. Ndugu zangu wa mashirika mnaotufundisha mikopo ya vikundi, si mnaona? Mambo haya yana umri.

Mwaka 1885 Singer ilifungua kiwanda kikubwa Clydebank, Scotland, na kabla ya vita vya 1914 kilikuwa kikitoa zaidi ya mashine milioni moja kwa mwaka. Nyingi zilivuka bahari. Kuanzia mwaka 1900 Singer ilianza kuweka herufi mbele ya namba ya mashine. Kwa hiyo ukikuta kichwa cha Singer sokoni, usiangalie maua ya dhahabu yaliyochorwa, hayo hata Katwe wanaweza kukupakia upya. Angalia namba iliyogongwa kwenye chuma pale chini.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, mizigo ikavushwa ziwani kwa meli hadi upande wa Uganda, na nyuma ya mizigo wakaja mafundi kutoka Goa, ambayo wakati ule ilikuwa chini ya Wareno. Hapa Kampala kila mtu anaijua gomesi, lile vazi la mabega yaliyoinuka na mshipi mpana. Inasimuliwa kwamba ilianza kwa sare za wasichana wa shule ya Gayaza, iliyofunguliwa mwaka 1905, na kwamba fundi aliyeshona aliitwa Gomes, Mgoa. Jina lake likabaki kwenye nguo. Leo harusi ya Kiganda bila gomesi si harusi, na ni wachache wanaokumbuka kwamba vazi hilo la heshima lina jina la mgeni.

Mwezi wa 8 mwaka 1972 Idi Amin akatangaza kwamba Waasia waondoke, akawapa siku 90. Wenye maduka, makarani na mafundi wakafunga milango. Kati ya waliofika Uingereza, wengi walipokelewa kwanza katika kambi za zamani za jeshi, kama ile ya Stradishall. Nikipita kwenye majengo ya zamani ya mjini, yale yenye mwaka ulioandikwa juu ukutani, huwa nafikiri juu ya cherehani zilizobaki ndani. Mtu anaweza kubeba mkasi na futi ya kupimia. Meza ya chuma ya cherehani habebi. Sisi tuliokimbia Kivu tunalijua hilo bila kufundishwa.

Na kuna njia nyingine iliyopita Goa ikielekea upande wa pili. Kwa miaka mingi Wareno walipeleka Waafrika huko kama watumwa. Baadhi yao walitoroka wakaingia misitu ya Karnataka, na wazao wao wapo mpaka leo, wanaitwa Siddi. Wanawake wao wanashona mablanketi ya viraka yanayoitwa kawandi, kwa nguo kuukuu za familia. Hawatumii cherehani kabisa. Mama anaanza pembeni, anazunguka akiongeza kipande juu ya kipande mpaka afike katikati, na kwenye pembe nne anaweka vipande vidogo vilivyokunjwa, wanavyoviita maua. Nawataja kwa sababu ya wale dada wanaodhani kwamba bila mashine hawawezi kuanza. Wanaweza. Sindano ya mkono na uzi vinatosha, kinachokosekana ni mwendo tu.

Haya, turudi kwenye mwendo.

Kazi ya vipande inadai mshono ulionyooka na upindo ulio sawa. Tuseme upindo wako ni milimita 6, halafu kwenye kila mshono mashine inakupotezea milimita 1. Kila mshono una vipande viwili, kwa hiyo umepoteza milimita 2. Safu yenye mishono 10 itapungua sentimita 2, na safu ya pili haitakutana nayo. Ndiyo maana zile za plastiki kutoka kwenye mivumba, zenye michoro 20 ya mishono, hazinishawishi. Nyingi zina gia za plastiki ndani. Ikikatika moja, kipuri hupati. Kazi ya vipande haihitaji michoro 20, inahitaji sindano isiyocheza.

Baada ya Singer kuja cherehani za China, hasa Butterfly ya Shanghai, ambayo katika umbo lake la kawaida imeiga Singer ya aina ya 15. Wengine wanaidharau eti ni nakala. Kwangu hiyo ndiyo sifa yake: bobini ile ya duara na sindano yake ni za aina inayouzwa kila mahali. Kinyume chake, Singer za zamani sana zenye bobini ndefu, inayokaa ndani ya kitu kama mtumbwi mdogo, zinashona vizuri ajabu, lakini ukipoteza huo mtumbwi umekwisha.

Ya mkono au ya miguu? Ya mkono ni nyepesi kwa mwenye chumba kimoja na mwenye nyumba anayeweza kumfukuza kesho. Kwa kuunganisha vipande inafaa, maana inakwenda polepole. Lakini ukifika kwenye kushonea tabaka tatu pamoja, kitenge juu, blanketi kuukuu katikati, shuka chini, unahitaji mikono yote miwili kusukuma kitambaa. Hapo ya miguu inashinda. Umeme nao, ukiisha kwenye Yaka saa 2 usiku, mwenye pedali haulizi.

Nenda kununua na vipande vyako mwenyewe, usikubali kujaribu kwa kitambaa cha muuzaji. Toa uzi, shona kwanza kwenye karatasi, uangalie kama matundu yako kwenye mstari mmoja. Shika gurudumu ulivute pembeni: likicheza sana, achana nalo. Kisha weka kitenge mara nne, ushone ukivuka kwenye unene. Ikiruka mishono hapo, badilisha sindano, jaribu tena. Ikiruka tena, rudisha pesa mfukoni.

Sasa neno kwa wanaotusaidia. Kikundi kimoja ninachokijua kilipewa cherehani nzuri mpya, zote za umeme, za kasi ya kiwandani. Picha zilipigwa. Miezi michache baadaye akina mama walikuwa wakigawana vitambaa na kushona kwa mkono, kwa sababu bili ilizidi mauzo. Hakuna aliyekuwa amewauliza. Singer wa mwaka 1856 alimwacha mteja achague mashine, akaipeleka nyumbani na kuijaribu huku akilipa. Nasi tupeni hela na siku moja ya kuzunguka sokoni na vipande vyetu. Kama bajeti hairuhusu meza mpya, nunueni kichwa peke yake; mafundi wa Katwe wataunga miguu ya chuma, na mkanda wa ngozi ukilegea unakatwa kidogo, unafungwa tena kwa waya.