Ujiji Kabla ya Reli
Wengi huamini kwamba biashara ya Ziwa Tanganyika ilizaliwa na reli ya Wajerumani iliyofika Kigoma mwaka 1914. Ushahidi unakataa. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Ujiji, ufukweni mwa ziwa hilo, mwaka 1858 walikuta soko limeshachangamka, na chumvi ya Uvinza ikivushwa kwa mitumbwi hadi mwambao ambao leo ni wa Burundi na Kongo. Atapinga mtu: mitumbwi haibebi shehena ya kulisha nchi nzima. Kweli kabisa, meli ya Liemba, iliyozamishwa mwaka 1916 kisha ikaibuliwa, ilibeba yaliyowashinda wapiga kasia. Lakini reli yenyewe ilifuata njia ya misafara kupitia Tabora, ikaishia kilomita chache tu kutoka soko hilohilo la Ujiji. Wahandisi hawakubuni biashara, waliikuta.