Mbwa, Kofia, Haragwe, Nyekundu: Lugha Katika Historia ya Vipimo vya Ubongo

Wanafunzi wetu wengi wa somo la tafsiri huamini kwamba tafsiri ya kitabibu ni kutafuta majina ya magonjwa na ya viungo vya mwili. Ukishajua ini, figo, bandama na kongosho, basi umefika. Katika makala haya tunapenda kuangalia upande mwingine wa kazi hiyo ambao haugusiwi sana madarasani, yaani pale ambapo neno lenyewe ndilo chombo cha kupimia, sawa na kipimajoto au mizani. Neno likikosewa hapo, ni binadamu anayehesabiwa kuwa mgonjwa ilhali ni mzima, au mzima ilhali ubongo wake unaharibika.

Tuanze na ugonjwa ambao nchi yetu ya Uganda inaujua vizuri. Mwaka 1901 Dkt. Albert Cook na ndugu yake Jack, katika hospitali ya Mengo, waliwatambua wagonjwa wa malale. Waganda waliuita mongoota, jina linalohusu kusinzia, kama ambavyo malale linatokana na kulala. Kati ya mwaka 1900 na 1920 watu wapatao 250,000 walikufa Busoga na kandokando ya Ziwa Viktoria. Mwaka 1902 tume ya Royal Society ya Uingereza ilifika Entebbe, na Aldo Castellani akaviona vijidudu vya tripanosoma katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. David Bruce alifika mwaka 1903 na utafiti wa mbung'o ukaendelea.

Malale ni ugonjwa wa ubongo kuvimba. Vijidudu vikishavuka kutoka kwenye damu, mwili hupambana navyo ndani ya ubongo kwenyewe, na mapambano hayo huleta madhara yake. Mgonjwa husinzia mchana na kukesha usiku, hubadilika tabia, husema maneno yasiyoeleweka, huwasahau watu wake. Je, alipimwaje? Alishikwa shingo kutafuta matezi yaliyovimba, akatobolewa matezi, akatolewa damu, kisha akachomwa sindano ya mgongo. Kwa miongo mingi kipimo cha kuamua kama ugonjwa umeingia ubongoni kilikuwa hesabu ya chembe nyeupe katika maji hayo: zikizidi 5 katika maikrolita moja, mgonjwa alihesabiwa yuko hatua ya pili. Mtu aliyepoteza akili zake alipimwa kwa sindano na hadubini, na kipimo hicho hakikuhitaji aulizwe lolote kwa lugha yake. Kwa daktari mgeni hilo lilikuwa jambo jema, kwa kuwa chembe hazina Luganda wala Kiswahili.

Hali ilibadilika ulipokuja UKIMWI. Mwaka 1986 Navia, Jordan na Price huko Marekani walieleza kwa kina namna ugonjwa huu unavyoshambulia akili. Virusi huingia ubongoni vikibebwa na chembe nyeupe za damu. Chembe za ulinzi zilizomo ubongoni huambukizwa na kuchokozeka, nazo hutoa kemikali zinazodhuru neva. Mgonjwa huwa mzito wa kufikiri na wa mikono, hasahau tu bali hukosa hamu ya mambo, na ndugu zake husema amekuwa mvivu au amerogwa. Kwa maradhi haya hesabu ya chembe haitoshi. Maji ya mgongo yanaweza kuonyesha kwamba virusi vimo, lakini hayasemi kama mtu bado anaweza kukumbuka kumeza dawa zake. Ilibidi akili yenyewe ipimwe, na akili hupimwa kwa kuulizwa.

Kipimo kilichokuwa maarufu wakati huo ni kile kilichochapishwa na Folstein na wenzake mwaka 1975, chenye alama 30. Tunakitumia sana darasani kwa sababu ni hazina ya matatizo ya tafsiri. Mgonjwa huombwa aendeleze neno WORLD kinyumenyume. Kiswahili kina bahati hapa: DUNIA nayo ina herufi tano. Lakini mtu asiyejua kusoma anaendeleza nini? Kuna kifungu cha Kiingereza cha kurudia kilichojaa viunganishi vifupi visivyo na maana pamoja; ukikitafsiri neno kwa neno, ugumu wa kukitamka unapotea, nao ndio uliokuwa ukipimwa. Halafu mgonjwa huulizwa haya ni majira gani ya mwaka. Mwanafunzi wa Uganda amekariri kitabuni masika, vuli, kiangazi na kipupwe, majina yanayofuata pepo za pwani. Mvua ya Kampala haifuati majina hayo. Akijibu "ni wakati wa kupanda", tunampa alama au tunamnyima?

Mfano tuupendao zaidi ni wa saa. Vipimo kadhaa, kikiwemo kile cha Montreal cha mwaka 2005, humtaka mgonjwa achore uso wa saa na kuweka mishale kwenye saa ambayo Mwingereza huiita kumi na moja na dakika kumi. Mfasiri asiyekuwa mwangalifu huandika "saa kumi na moja na dakika kumi". Mswahili atasikia alasiri ya jua kuzama, na mshale mfupi atauweka penye tano. Kwa hesabu yetu amepatia kabisa. Kwa karatasi ya daktari amekosa, na tena kosa la mshale ni miongoni mwa yale yanayochukuliwa kuwa dalili kubwa. Sahihi ni "saa tano na dakika kumi". (Kipimo hichohicho cha Kanada kina picha za simba, kifaru na ngamia. Mara moja tu sisi ndio tuliopendelewa!)

Hata tarakimu si kitu kilekile katika kila lugha. Mwaka 1980 Ellis na Hennelly walionyesha kwamba majina ya tarakimu kwa Kiwelisi huchukua muda mrefu zaidi kuyatamka kuliko ya Kiingereza, na kwa hiyo mtu yuleyule mwenye lugha mbili hukumbuka tarakimu chache zaidi akizisikia kwa Kiwelisi. Akili haikupungua; ni ulimi uliokuwa na safari ndefu. Sasa hesabu silabi zetu: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa. Zote ni silabi mbili, ilhali za Kiingereza karibu zote ni silabi moja. Atakayechukua wastani wa London na kumpimia mtu wa Mbale kwa Kiswahili atamwona ana upungufu asiokuwa nao.

Shirika la Afya Duniani lilijaribu kulikabili tatizo hili katika utafiti wake wa miaka ya mwanzo ya 1990 juu ya UKIMWI na akili, uliofanyika katika miji mitano: Munich, São Paulo, Bangkok, Nairobi na Kinshasa. Watafiti walitunga orodha ya maneno 15 kutoka makundi matano waliyoamini yanajulikana kila mahali: viungo vya mwili, wanyama, zana, vyombo vya nyumbani na vyombo vya usafiri. Na kile kipimo cha zamani cha jeshi la Marekani, ambamo mtu huunganisha namba na herufi kwa mfuatano, walikiondolea herufi wakaweka rangi mbili, waridi na manjano. Lilikuwa wazo zuri kwa asiyejua alfabeti. Hata hivyo mwalimu wa Kiswahili atatabasamu kidogo, kwa sababu rangi zenye vivumishi vya asili katika lugha yetu ni nyeupe, nyeusi na nyekundu, na nyingine tumeazima kwenye vitu: manjano ya bizari, waridi la ua, kahawia ya kahawa, kijani cha jani. Afadhali mgonjwa alitakiwa kuziona rangi hizo.

Sasa tufike Kampala. Mwaka 1995 Power na wenzake wa Johns Hopkins walitunga kipimo maalumu cha dimenshia ya UKIMWI, chenye alama 16. Kilitaka mgonjwa aandike alfabeti ya Kiingereza kwa kasi, achore mchemraba, na akumbuke maneno manne: mbwa, kofia, kijani na pichi. Pichi! Mtu wa Masaka ana embe, nanasi, papai na fenesi; hilo tunda lingine atalijulia wapi? Hivyo, mwaka 2005, Ned Sacktor na wenzake wa Marekani na Uganda walichapisha kipimo kipya walichokijaribu kwa wagonjwa 66 wa Marekani na 81 wa Kampala. Hakina alfabeti wala mchoro. Mgonjwa hugonganisha vidole viwili haraka kwa sekunde 5. Hurudia mfuatano wa ngumi, kiganja na ubavu wa mkono kwa sekunde 10. Na hukumbuka maneno manne baada ya muda mfupi. Maneno ni mbwa, kofia, haragwe, nyekundu. Kila sehemu ina alama 4, jumla 12, na anayepata 10 au chini yake hupelekwa kwa uchunguzi zaidi. Muuguzi wa kliniki anaweza kukifanya kwa dakika mbili tatu.

Pichi imeondoka, haragwe limeingia. Tunaliona badiliko hilo kuwa tendo kubwa la tafsiri, ingawa waliolifanya hawakuwa wafasiri. Lakini kazi haijaisha. Mgonjwa akisahau neno hupewa kidokezo: mnyama, vazi, mboga, rangi. Akikumbuka kwa kidokezo hupata nusu alama. Tulipowapa wanafunzi wetu zoezi la kukitayarisha kipimo hiki kwa Kiswahili, mabishano yalianzia kwenye mboga. Wanaotoka mpakani mwa Kenya walisema mboga ni sukuma wiki na mchicha, maharagwe si mboga. Waliosoma Tanzania walisema mboga ni chochote kinacholiwa kwa ugali, hata samaki. Kwa wa kwanza kidokezo kinapotosha, kwa wa pili kinafungua mlango mpana mno. Wakaja kwenye haragwe lenyewe: nani husema haragwe moja? Mgonjwa akijibu "maharage", muuguzi aandike nini? Na nyekundu je? Kwa Kiingereza neno hilo husimama peke yake. Letu limeshachukua kiambishi cha ngeli ya rangi, na mtu akijibu "wekundu" amekumbuka au amesahau?

Msomaji asidhani huu ni utani wa darasani. Aliyepoteza alama moja kwa sababu ya haragwe, na nyingine kwa vidole vilivyokakamaa kwa jembe, ameshafika 10. Watafiti wenyewe walieleza wazi kwamba kipimo hiki kiliwanasa wagonjwa 80 kati ya 100 wenye dimenshia, lakini miongoni mwa wasiokuwa nayo kiliwaachilia 55 tu kwa Kampala na 57 kwa Marekani. Waliobaki walipelekwa mbele bila kuwa na tatizo. Ndiyo maana matokeo yake ni ya kuchuja na si hukumu. Utafiti wa mwaka 2006 ulionyesha pia kwamba wagonjwa wa Kampala waliopewa dawa za kupunguza makali ya virusi walipata nafuu ya akili ndani ya miezi sita, kwa hiyo kumwacha mgonjwa wa kweli apite ni hasara inayoweza kuepukwa.

Mwaka huohuo wa 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha utekelezaji. Wagonjwa wa kaskazini, wanajeshi na familia zao, na wakimbizi kutoka Kongo wamekuwa wakiingia kliniki na Kiswahili chao siku zote bila kusubiri waraka. Kwao tumependekeza darasani kidokezo "chakula cha jamii ya kunde", na papo hapo mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili akauliza kama bibi yake anajua kunde zina jamii. Zoezi bado liko ubaoni.