Lancer ya Joginder na magari yasiyowahi kuuzwa

Septemba 2020, wapenzi wa rali duniani walitimua vumbi la Kenya kabla ya gari hata moja la mashindano kufika nchini. Safari Rally ilikuwa irudi kwenye ratiba ya dunia Julai mwaka huo, baada ya kutengwa tangu 2002, lakini korona ikaifuta. Gemu ya WRC 9 haikungoja. Kampuni ya Kylotonn ya Ufaransa ilikuwa imeshachora vumbi, mawe na migunga, ikaiachilia sokoni Septemba 3. Magari yenyewe yalinguruma Naivasha Juni 2021, na Sébastien Ogier akaibuka mshindi. Kwa hiyo mchezaji aliyeketi sebuleni alimtangulia bingwa wa dunia kwa miezi tisa.

Ukiitazama gemu ya EA Sports WRC, iliyotoka Novemba 2023, utakutana na njia zenye majina kama Malewa, Soysambu na Marula. Zote ni za Bonde la Ufa, na hakuna ubaya, maana ndiko rali ya sasa inakokimbia. Ila msomaji wa Voi au Wundanyi aliyekula chumvi nyingi atauliza swali la haki: na Taita je?

Safari ilianza 1953, ikiadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na njia yake ilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi ilifanyika wakati wa Pasaka, yaani masika yanapoanza kupiga hodi. Magari yalipoteremka kuelekea Mombasa, milima ya Taita ilikuwa mojawapo ya sehemu ambazo madereva walizihesabu kwa hofu. Voi ni bondeni, kwenye joto na udongo mwekundu uleule unaowapaka rangi ndovu wa Tsavo. Ukishafika Mwatate unaacha tambarare na kuanza kukwea kuelekea Wundanyi: kona inakunja, inakunjua, inakunja tena. Upande mmoja ni mwamba, upande wa pili ni korongo lenye migomba na mahindi, na kilele cha Vuria kinapita mita 2,200. Pakinyesha, udongo huo unateleza kama sabuni. Dereva aliyetoka kulivurumisha gari kwenye nyika kavu alilazimika kubadili mwendo wake wote ndani ya muda mfupi, mara nyingi usiku, huku msaidizi wake akimsomea kona kwa tochi.

Na barabara hazikufungwa. Palikuwa na malori, ng'ombe na watu wanaotoka sokoni, hata timu kubwa zikaanza kurusha helikopta mbele ya magari yao ili kumwonya dereva kuhusu kilicho njiani. Takwimu za zamani zinatisha: mwaka 1963 magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza, mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 vilevile. Mshindi mara zote mbili alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404 yake.

Watengenezaji wa gemu waliiona Safari mapema. V-Rally ya 1997 ilikuwa na njia za Safari, na Colin McRae Rally 2.0 ya mwaka 2000 ikaiweka Kenya pamoja na Finland, Ugiriki na Australia. McRae mwenyewe alikuwa mtu wa kuaminika katika jambo hilo, kwani aliishinda Safari mara tatu: 1997, 1999 na 2002.

Wakati huohuo, Japani kulikuwa kunapikwa gemu ya aina nyingine kabisa, isiyo na tope wala ng'ombe. Kazunori Yamauchi na studio yake ya Polyphony Digital waliyatazama magari ya maonyesho, yale ambayo kampuni huunda moja au mawili, huyazungusha jukwaani chini ya taa, kisha huyafungia ghalani. Mtazamaji anaruhusiwa kupiga picha, basi. Baada ya Maonyesho ya Magari ya Tokyo ya 2001, Polyphony iliyageuza baadhi ya magari hayo kuwa gemu, na Januari 2002 ikatoka Gran Turismo Concept 2001 Tokyo. Matoleo mawili yakafuata mwaka huohuo, moja la Tokyo na Seoul, lingine la Tokyo na Geneva. Wamarekani hawakuuziwa hata moja.

Kioja kikubwa humo kilikuwa Toyota Pod, iliyoundwa na Toyota pamoja na Sony. Ilionyesha hisia: taa za mbele zilibadilika rangi kulingana na hali, antena ya nyuma ilitikisika kama mkia, na dereva aliiongoza kwa kijiti badala ya usukani. Gari la kuchekesha, ndiyo, lakini kwenye gemu lilikimbia. Mle pia mlikuwa na Nissan GT-R Concept, na yeyote aliyeiendesha 2002 aliionja miaka mitano kabla ya Nissan kuanza kuuza GT-R mwishoni mwa 2007.

Mikondo hiyo miwili, wa maonyesho na wa Safari, ilikutana Desemba 2004 katika Gran Turismo 4. Gemu hiyo ilikuwa na magari zaidi ya 700. Pod ilikuwamo. Na katika orodha ya Mitsubishi, pasipo mbwembwe, ilikuwamo Lancer 1600 GSR ya rali ya mwaka 1974, aina ileile aliyoshindia Safari Joginder Singh, yule Kalasinga ambaye Wakenya walimwita Simba. Aliwahi kushinda 1965 kwa Volvo, na akarudia 1976 kwa Lancer tena. Bluebird 510 ya rali nayo ilikuwamo, ndugu ya Datsun aliyoshindia Edgar Herrmann 1970. Kijana wa Osaka angeweza kutoka kwenye Pod akaingia kwenye gari la Joginder bila kujua kwamba moja liliogopa mvua na lingine liliivuka.

Polyphony iliendelea na mtindo huo wa magari ya maonyesho. Kuanzia 2013, kwa mpango wa Vision Gran Turismo, kampuni za magari zilianza kubuni magari kwa ajili ya gemu tangu mwanzo, Mercedes-Benz ikiwa ya kwanza.

Hapa ndipo Afrika Mashariki ina haki ya kulalamika kidogo, maana magari ya namna hiyo tunayo. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi aliwataka wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari, hata kama litakuwa na sura mbaya au mwendo wa kobe. Zikatoka Nyayo Pioneer tano, zilizofika kasi ya kilomita 120 kwa saa na kuzinduliwa 1990. Fedha za kiwanda hazikupatikana, na gari halikufika sokoni. Nchini Uganda nako, wanafunzi na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Makerere walishiriki kuunda Vision 200 iliyoonyeshwa Turin 2008, kisha wakaendesha Kiira EV, gari la umeme la viti viwili, 2011. Gari lisilouzwa ndilo hasa Yamauchi alilokuwa akilitafuta, lakini Nyayo Pioneer na Kiira hazimo kwenye Gran Turismo.

Kenya iliwahi kujitengenezea mbio zake. Ma3Racer ya Planet Rackus, iliyotoka 2011 kwa ajili ya simu za Nokia, ilimkalisha mchezaji kwenye matatu na kumtaka awakwepe wapita njia. Ilikuwa gemu ndogo na nyepesi, na iliijua barabara yake kuliko gemu nyingi kubwa.

Katika miji kama Voi, vyumba vya kuchezea PlayStation bado ni vya gemu za mpira. Mwenye chumba anataka wateja wawili kwa wakati mmoja na mchezo unaokwisha upesi, na rali inamkalisha mtu mmoja peke yake akipambana na saa. Njia yenyewe ya Taita pia imebadilika, kwani barabara ya Voi hadi Taveta sasa ni lami. Vumbi limebaki kwenye njia za pembeni, na East African Safari Classic, mashindano ya magari ya kale yaliyoanza 2003, imezipitia njia za Taita mara kadhaa. Dereva mkongwe Waldegård aliishinda 2011 kwa Porsche 911 akiwa na miaka 68.

EA Sports WRC humruhusu mchezaji kujiundia gari: achague fremu, injini ikae wapi, bodi iweje. Mtoto wa Mwatate anaweza leo kuunda Pioneer yake mwenyewe na kuipeleka Soysambu, lakini kona za kupanda Wundanyi bado hajachorewa.