Anuleni

Anuleni ni hidrokaboni ambazo atomi zake za kaboni zimefunga duara moja, bondi moja na bondi maradufu zikipokezana mzunguko mzima. Idadi ya kaboni huandikwa katika mabano ya mraba: kwa utaratibu huu benzini ni [6]anuleni.

Richard Willstätter alitengeneza [8]anuleni mwaka 1911, akianzia na alkaloidi ya magome ya mkomamanga. Wengi walitarajia iwe tulivu kama benzini, lakini ilidaka bromini upesi kama alkeni yoyote. Maelezo yalitokana na kazi ya Erich Hückel ya mwaka 1931: duara bapa huwa aromatiki (tulivu kama benzini) likiwa na elektroni za pai 4n+2, yaani 6, 10, 14, 18 na kuendelea. Nane haimo, na molekuli hiyo hata bapa si bapa. Imejikunja kama beseni.

Kanuni hiyo hukaririwa kana kwamba hesabu ya elektroni inatosha. Haitoshi. [10]anuleni ina elektroni 10 barabara, ila hidrojeni mbili zinazoelekea ndani hukosa nafasi, zikasukumana na kulipinda duara. Mwaka 1964 Emanuel Vogel, Ujerumani, aliweka daraja la kaboni moja mahali pa hidrojeni hizo, na uaromatiki ukajitokeza.

Katika [18]anuleni nafasi ipo. Franz Sondheimer na Reuven Wolovsky waliitengeneza mwaka 1959 katika Taasisi ya Weizmann, Israel: waliunganisha molekuli tatu za 1,5-heksadaini kwa msaada wa shaba, wakazipanga upya bondi kwa besi kali, kisha wakaongeza hidrojeni kwa kiasi. Fuwele zake ni nyekundu ya kahawia.

Ushahidi wenye nguvu zaidi wa uaromatiki wake ulitoka kwenye spektroskopia ya mwangwi wa sumaku wa viini. Elektroni zinazozunguka duara huzalisha uga wao wa sumaku, unaoongeza uga wa nje kwa hidrojeni za ukingoni na kuupunguza kwa zile za ndani. Kwenye nyuzi −60 za Selsiasi, hidrojeni 12 za nje husomeka karibu na sehemu 9.3 kwa milioni, na 6 za ndani karibu na −3. Ukipasha kupita nyuzi 100, duara hujigeuzageuza upesi, za ndani zikibadilishana nafasi na za nje, na inabaki ishara moja tu karibu na 5.4. Kwa [16]anuleni, yenye elektroni 4n, mpangilio hupinduka: za ndani ndizo husomeka juu, kupita 10, na za nje hushuka hadi karibu 5.4.