Andromeda: Binti mfalme wa Ethiopia aliyechorwa mweupe kwa karne nyingi

Jina Andromeda huenda ulilisikia kwenye somo la sayansi: ni galaksi kubwa iliyo jirani na yetu. Lakini kabla ya kupewa galaksi, jina hilo lilikuwa la binti mfalme katika visasili vya Wagiriki. Na kwao ni Ethiopia.

Kisa chenyewe

Mama yake, Malkia Cassiopeia, alijigamba kwa uzuri kuwashinda mabinti wa bahari. Poseidon, mungu wa bahari, akakasirika na kuleta dubwana la majini liangamize nchi. Mfalme Cepheus akaambiwa dawa ni moja tu: amtoe binti yake. Andromeda akafungwa minyororo mwambani, mpaka shujaa Perseus alipopita, akaliua dubwana na kumuoa.

"Ethiopia" ya Wagiriki haikuwa na mipaka ya nchi ya leo. Waliita hivyo nchi za watu weusi, hasa kusini mwa Misri.

Rangi yake iliandikwa

Miaka kama 2,000 iliyopita, mshairi wa Roma, Ovid, aliitaja wazi. Katika *Ars Amatoria* anawaambia wanawake weusi kwamba nguo nyeupe zinawapendeza. Mfano anaoutoa? Andromeda.

Ikapotea wapi?

Kwenye turubai. Katika miaka ya 1550, Titian alimchorea Mfalme Philip II wa Hispania picha ya Perseus na Andromeda, ambayo leo ipo Wallace Collection, London. Andromeda wake ni mweupe, ingawa Titian alichota visa vyake kwa Ovid huyohuyo. Rubens naye akamchora mweupe.

Na siyo kwamba hakuna aliyeshtuka. Kitabu cha mchoraji Mhispania Francisco Pacheco, kilichotoka 1649, kilihoji kwa nini Andromeda anachorwa mweupe wakati maandishi yanasema mweusi.

Wachoraji wa sasa

Mwaka 2011, mchoraji Mwingereza Kimathi Donkor alichora *The Rescue of Andromeda*, akiwa mwanamke mweusi. Jina la picha ni lilelile la sanamu ya shaba ya Henry Fehr ya 1893, iliyoko Tate Britain, London.

Marekani, Harmonia Rosales alipita njia nyingine. Mwaka 2017 aliichukua picha ya Botticelli ya kuzaliwa kwa Venus, akamtoa Venus na kumweka Oshun, mungu wa kike wa Wayoruba.

Kwa Rosales, unaweza kusema kabadilisha mhusika, na ndivyo alivyokusudia. Kwa Donkor, hoja hiyo haisimami: aliyebadilishwa ni Andromeda wa Titian.

Kwa hiyo ukimwona Andromeda mweusi, halafu mtu akalalamika kuwa "wameharibu hadithi", mwambie akaanze na Ovid.