Reli Moja Gizani

Kazi yangu ni umeme. Nimefunga nyaya za nyumba, misikiti, kumbi za harusi na jukwaa moja la maigizo hapa Tanga, na kwa miaka mingi nimekuwa nikisoma kila ninachokipata kuhusu nyumba za giza za kwenye viwanja vya burudani: zile ambazo mtu hukaa kwenye kigari au mashua, mlango ukafunguka, akapitishwa katikati ya mizuka na mapango mpaka atokee upande wa pili. Wengi hupenda kusimulia mabembea na vigari vya kushuka milima kwa kasi. Mimi huvutwa na hizi nyumba, maana humo fundi wa taa ndiye mwenye kazi yote, na kazi yenyewe ni kuamua nini kisionekane.

Waliofika kwenye Maonyesho ya Pan-American mjini Buffalo, jimbo la New York, mwaka 1901, walikuja kustaajabia taa. Umeme uliletwa kutoka maporomoko ya Niagara, mwendo wa kilomita 40 hivi, na majengo ya maonyesho yalipambwa kwa balbu kuanzia chini hadi paani. Katikati ya mng'aro huo kijana mmoja, Frederic Thompson, akawauzia watu giza. Kwa senti 50 abiria waliingia kwenye chombo kiitwacho Luna, chenye mabawa ya kupigapiga, wakaambiwa wanakwenda mwezini. Chombo hakikwenda popote. Kilitikiswa, feni zikapuliza upepo, na picha zilizochorwa kwenye turubai zikazungushwa polepole mpaka abiria wakaamini kwamba mji umebaki chini yao, maporomoko yamepita, na dunia imekuwa kiduara kidogo. Wakashuka kwenye mapango ya plasta, wakapokewa na wakazi wa mwezi, wakapewa jibini. Turubai, feni na taa zilizofichwa vizuri: vifaa hivyo ninavyo hata mimi stoo. Thompson na mshirika wake Elmer Dundy wakahamia Coney Island, mjini New York, na mwaka 1903 wakafungua uwanja wao wenyewe, Luna Park. Jina hilo likazagaa duniani hadi Australia.

Wakati huohuo zilikuwepo mashua. Gurudumu kubwa linasukuma maji kwenye mfereji mwembamba, maji yanachukua mashua, mashua inaingia gizani na kupita mbele ya vyumba vya sanamu vilivyoangazwa. Old Mill ya Kennywood, Pennsylvania, ilianza 1901. River Caves ya Blackpool, Uingereza, ilianza 1905. Zote mbili zipo hadi leo. Wachumba walizipenda kwa sababu isiyohitaji maelezo.

Ila maji ni ghali. Mfereji huvuja, mbao huoza, gurudumu hutaka matengenezo kila msimu. Hapo ndipo anapoingia Leon Cassidy, mtu ninayemheshimu kuliko wote katika habari hii. Alikuwa mmoja wa wenye kiwanja kidogo cha burudani huko Bridgeton, New Jersey. Alitaka nyumba ya mashua, hakuwa na fedha za kuijenga. Mwaka 1928 akatafuta njia ya kuingiza watu gizani pasipo maji: kigari chenye mota, kikifuata reli moja tu iliyobeba umeme, ndani ya banda.

Nikiuangalia mpango huo kwa jicho la ufundi, sioni mahali alipopoteza hata senti. Reli moja inaongoza na inalisha mota, kwa hiyo hakuna haja ya dereva. Njia inapinda na kurudi, inapinda tena na kurudi, hivyo banda dogo linatoa safari ndefu, na abiria asiyeona mbele hawezi kujua kwamba ukuta alioupita ndio huohuo anaoukaribia upande wa pili. Kigari chenyewe kikigonga mtambo uliowekwa njiani, ndicho kinachowasha taa au kuliza kengele, kwa hiyo hakuna mtu wa kulipwa mshahara kukaa ndani na kutisha wageni. Na kitisho kilichosifika zaidi mwanzoni kilikuwa uzi. Uzi wa kawaida wa cherehani, umening'inizwa kutoka darini, unampapasa mtu usoni gizani. Sijui kama kuna senti iliyowahi kupigisha watu kelele zaidi ya hiyo.

Inasimuliwa kwamba abiria mmoja aliposhuka alisema amepindwapindwa kama pretzel, kile kijimkate cha chumvi kilichosokotwa. Cassidy akaiita kampuni yake Pretzel, na ubavuni mwa vigari akafunga umbo la mkate huo kwa chuma kizito, ambacho pia kilisaidia kigari kisipinduke kwenye kona. Pambo lililofanya kazi. Mabanda yake yakauzwa viwanja vingi vya Marekani, hata miaka ile uchumi ulipoporomoka na watu kukosa kazi.

Blackpool wakaleta mashine hiyo mwaka 1930. Waingereza hawakuujua mkate huo, kwa hiyo wakatumia jina la mchezo wa kuigiza wa Arnold Ridley uliokuwa ukipendwa wakati ule, The Ghost Train. Tangu hapo, Uingereza na Australia, kila banda la aina hii likawa treni ya mizuka.

Ufundi mwingine ulikuwa ukingoja kutoka mbali zaidi. Mkesha wa Krismasi wa 1862, kwenye taasisi ya Royal Polytechnic mjini London, John Henry Pepper alionyesha mzimu jukwaani kwa kutumia kioo kikubwa, wazo alilolipata kwa Henry Dircks. Niliwahi kuujaribu kwenye sherehe ya shule mtaani kwetu. Tulisimamisha kioo cha dirisha kwa pembe kati ya watazamaji na kiti kitupu. Pembeni, pasipoonekana, tukamweka msichana mwenye shuka jeupe mbele ya kitambaa cheusi. Taa yake ikizimwa, kioo hakipo. Nikiipandisha taratibu kwa dima, msichana anatokea kitini, na mtu anaona mbao za kiti kupitia kifua chake. Watoto walikimbilia mlangoni. Walimu pia.

Mzimu huohuo ndio unaocheza dansi katika Haunted Mansion ya Disneyland, California, iliyofunguliwa 9 Agosti 1969. Abiria hupita roshani mbele ya vioo vikubwa mno, na sanamu zinazocheza zimefichwa juu na chini yao. Kabla ya hapo huingizwa kwenye chumba ambacho kuta zake zinarefuka, na wachache hutambua kwamba wamo ndani ya lifti inayowashusha kwenye njia ya kupita chini ya reli ya uwanja. Vigari vimeungana mnyororo mmoja usiosimama, kila kimoja kikimgeuza abiria uso pale mtengenezaji anapotaka. Karibu miaka 107 ilikuwa imepita tangu Pepper, na kioo hakikuwa kimebadilika.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Usiku wa 27 Mei 1911, huko Coney Island, mafundi walikuwa wakiziba kwa lami ya moto mahali palipovuja katika Hell Gate, safari ya mashua ya kwenda kuzimu kwenye uwanja wa Dreamland. Taa zikazimika. Gizani mtu akapiga teke ndoo ya lami. Kulipokucha, Dreamland yote ilikuwa majivu, na haikujengwa tena. Tarehe 9 Juni 1979 treni ya mizuka ya Luna Park mjini Sydney ikaungua na watu ndani: wakafa 7, sita kati yao watoto. Tarehe 11 Mei 1984, katika nyumba ya mizuka ya kutembea kwa miguu kwenye uwanja mmoja wa New Jersey, wakafa vijana 8. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba taa ya sehemu moja ya ujia ilikuwa mbovu, kijana akawasha kiberiti cha gesi aone njia, moto ukashika sponji ya ukutani. Jengo halikuwa na vinyunyizio vya maji, kwa kuwa lilihesabiwa kuwa la muda.

Mara mbili, zikiachana miaka 73, moto ulianza pale balbu iliposhindwa. Nikisoma hayo hukasirika, kwa sababu taa ya dharura yenye betri yake ni kifaa kidogo kuliko mzuka wowote. Baada ya 1984 sheria za Marekani zilikazwa, na leo mwenye nyumba ya giza hudaiwa vigundua moshi, vinyunyizio na njia za kutokea zilizoonyeshwa kwa taa.

Nyumba mpya zina vigari visivyo na reli na kuta za skrini. Sizibezi. Ila kando ya ziwa la Oneida, huko Sylvan Beach, New York, kuna banda la Laffland la mwaka 1954 ambalo bado linaendesha vigari vya Pretzel. Nikijaliwa kufika Marekani nitaanzia hapo. Nataka niione ile reli, na nimuulize fundi wake vipuri anavipata wapi.