Msitu Uliodaiwa Kuwa Mtupu

Anayefika kwenye maporomoko ya Wagenia hutazama kwanza migono. Sisi tunawaalika mtazame magogo yanayoishikilia. Hayakuota mtoni. Yalikatwa msituni, yakafungwa kwa kamba za porini, na mkondo ukiyang'oa hukatwa mengine. Mvuvi hakulima msitu ule wala hakujenga ndani yake, lakini bila huo havui kitu.

Tarehe 1 Julai 1885, Serikali Huru ya Kongo, chini ya Leopold II, ilitoa agizo kwamba ardhi tupu ni mali ya Serikali. Tupu maana yake nini? Nyumba zilihesabiwa, na mashamba yenye mazao. Shamba lililolazwa lipumzike, mapito ya wawindaji, mahali pa kuokota viwavi na kukata magogo: kwenye karatasi vyote vikawa ziada.

Na ziada hiyo ikawa fedha. Mwaka 1902 iliundwa kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, CFL, ya Baron Empain. Sehemu ya malipo yake ilikuwa hekta 4,000,000 za ardhi. Ubelgiji nzima ina takriban 3,000,000. Reli ya kilomita 125, kutoka ng'ambo yetu ya kushoto hadi Ponthierville, yaani Ubundu, ilifunguliwa mwaka 1906. Reli ilihitajika, hatubishi, kwa kuwa meli hazipandi maporomoko. Ila walioilipa kwa misitu yao hawakuulizwa bei. Mwaka 1911 kampuni ya Lever nayo ilipewa haki juu ya michikichi, hata kule Lokutu, chini ya mto.

Je, Uhuru uliifuta hesabu ile? Sheria ya ardhi ya 1973 ilitangaza udongo wote kuwa mali ya Serikali, ikaahidi amri ya Rais kuhusu haki za wenyeji kwenye ardhi zao. Kwa miongo mingi amri hiyo haikutoka.

Mlango mwingine ulifunguliwa na Sheria ya Misitu ya 2002, kisha agizo la 2014: jumuiya ya wenyeji yaweza kuomba msitu wake, hadi hekta 50,000, bila kuununua. Ombi hudai ramani. Humo sharti yaonekane mapito, vijito, mashamba yaliyolazwa na mahali pa kukatia magogo, na wanaovijua kwa majina ni wazee, ambao wengi wao hawajaulizwa na yeyote kati yenu.